Bukavu: Diploma haingojewi tena, wanafunzi watafuta njia ya kazi wakiwa bado chuoni

Saa moja asubuhi, barabara inayopanda Karhale, katika komini ya Kadutu, inajaa wanafunzi. Kuna wanaotoka Nyamugo, kuna wanaotoka Essence, na kuna wanaokuja kwa miguu kutoka Bagira kwa sababu pesa ya moto waliyo nayo inatosha safari moja tu. Karibu wote wana daftari mkononi. Lakini ndani ya mfuko wa mgongoni, siku hizi mara nyingi kuna kitu kingine: vipande vya sabuni vya kuuza, bisibisi ndogo za kufungulia simu zilizoharibika, au vitabu vya watoto wa shule wanaofundishwa nyumbani jioni.

Vitu hivyo vidogo vinaonyesha swali linalosumbua vijana wengi wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB), Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu (UCB), Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika (UEA), na wa taasisi kama ISP, ISDR, ISTM na ISC: nikimaliza, nitafanya kazi gani? Zamani wengi walijiuliza swali hilo siku ya kuvaa toga, picha zikiisha kupigwa na wageni wakiisha kula. Leo anayengoja siku hiyo anakuwa amechelewa.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba milango ya kazi iliyozoeleka imefungwa kwa muda mfupi sana. Ya pili ni kwamba miaka ya masomo yenyewe imepungua, na familia nyingi hazijatambua bado.

Milango iliyofungwa kwa muda usiofika miezi minane

Tangu vita vya mwaka 1996 na vya 1998, mashirika ya misaada yalijaa Bukavu. Gari jeupe lenye bendera na antena ndefu likawa alama ya kazi nzuri. Watoto walikua wakiliona likipita Nyawera na Nguba. Wengi walichagua masomo ya maendeleo ya vijijini, sosiolojia au sheria wakiwa na wazo moja: kuingia ONG. Mzazi aliyekuwa na mtoto ndani ya ONG alijulikana mtaani, na watoto wa ndugu zake wote walimletea karatasi zao.

Mlango wa kwanza ulifungwa tarehe 30 Juni 2024, wakati MONUSCO ilipomaliza kazi zake katika jimbo la Kivu Kusini. Kuondoka kwa tume hiyo ya Umoja wa Mataifa hakukuhusu askari tu. Kulihusu pia Wakongomani waliokuwa madereva, watafsiri, mafundi wa umeme, walinzi na wafanyakazi wa ofisi, pamoja na wenye nyumba za kupangisha na wenye mikahawa waliowauzia chakula.

Mlango wa pili ulifungwa mbali sana na Bukavu. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake mpya, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Miradi mingi haikurudi tena, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likaacha kufanya kazi. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Kwa hiyo ONG nyingi, za kigeni na za hapa, zilijikuta zikipunguza watu badala ya kutafuta wapya.

Mlango wa tatu kila mkaaji wa mji anaukumbuka. Tarehe 16 Februari 2025, waasi wa M23 waliiteka Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimama. Mabenki yalifunga milango, na pesa zikaanza kutembea kwa simu tu, kwa Airtel Money, M-Pesa na Orange Money, kwa bei ya kutoa inayomla mwenye nacho kidogo. Hata viwanda vichache vilivyokuwepo viliguswa: mwezi wa Juni 2025, Heineken, kampuni iliyokuwa na Bralima, ilitangaza kwamba haisimamii tena majengo yake ya Bukavu na Goma na kwamba imeondoa wafanyakazi wake.

Ukihesabu toka mlango wa kwanza hadi wa tatu, ni muda usiofika miezi minane. Mwanafunzi aliyeingia mwaka wa kwanza akiiona njia wazi mbele yake alifika mwaka wa pili njia hiyo haipo.

Miaka mitano ikawa mitatu

Jambo la pili halina kelele, lakini ni kubwa vilevile. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka nchini mfumo unaoitwa LMD: lisansi, masta, doktora. Toka mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo huo ulienezwa katika vyuo vya nchi nzima.

Zamani mwanafunzi alifanya miaka mitatu ya gradua, kisha miaka miwili ya lisansi. Jumla mitano. Sasa lisansi inapatikana kwa miaka mitatu, na anayetaka masta anaongeza miwili. Masomo ya udaktari yana hesabu yake, lakini kwa idara nyingi hali ni hiyo.

Hapo ndipo mchanganyiko unapoanzia. Zamani mtoto akisema niko L2, wazazi walijua kwamba huo ni mwaka wa tano na wa mwisho, wakaanza kuandaa sherehe. Leo L2 ni mwaka wa pili tu. Na zamani neno lisansi lilimaanisha miaka mitano ya chuo kikuu, leo linamaanisha mitatu. Matangazo ya kazi nayo mengi bado yanasema lugha ya zamani, yakiomba mtu wa A1 kwa maana ya gradua au A0 kwa maana ya lisansi. Kijana wa mfumo mpya anasoma tangazo, anakuta neno lisansi, anatuma karatasi zake, na anayezipokea anajiuliza kama huyu ni wa miaka mitatu au wa mitano.

Maana yake kwa maandalizi ya kazi ni wazi. Katika mfumo wa zamani, mwanafunzi angeweza kutumia miaka mitatu ya gradua akizoea chuo, kisha akaanza kufikiria kazi ndani ya lisansi. Leo, anayezoea chuo kwa miaka mitatu anatoka nje akiwa amezoea chuo tu.

Ng'ombe aliyeuzwa

Tuchukue mfano wa familia moja ya Walungu au ya Kabare, ambao wengi watautambua. Mtoto wa kwanza amepata diploma ya serikali. Baba anauza ng'ombe ili kulipa minervali ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kinauzwa kipande cha shamba la migomba. Mwaka wa tatu mama anaingia likelemba na wenzake wa soko, na kaka mdogo anangoja mwaka mmoja nyumbani ili zamu yake ifike. Mjini, mwanafunzi amepanga chumba kimoja pamoja na wenzake wawili juu ya mlima wa Kadutu, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha usiku watu hawalali kwa kuogopa udongo kuteremka.

Familia hiyo imeweka mali yake yote juu ya karatasi moja. Karatasi ikirudi nyumbani bila kazi, mwenye kuikosa kazi si mtu mmoja. Ni ng'ombe aliyekwisha uzwa, shamba lisilorudi, na mdogo aliyengoja zamu. Ndiyo sababu wanafunzi wengi wenye diploma wanaona haya kurudi kijijini, wakabaki mjini bila kufanya kitu.

Kwa wazazi wengi, mwanafunzi anayefanya kitu kingine nje ya daftari anaonekana kama anapoteza pesa zao. "Soma kwanza" ni neno linalosikika katika kila nyumba. Lilikuwa neno zuri wakati kazi ilikuwa inangoja mwisho wa njia. Leo ni lazima liongezewe la pili: soma, na ujulikane unajua kufanya nini.

Staji: mlango unaodharauliwa

Mlango ulio karibu zaidi na mwanafunzi ni staji. Karibu kila idara inaiomba. Lakini katika ofisi nyingi staji imekuwa desturi tu: mwanafunzi anafika na barua ya chuo, anakaa kwenye kiti cha kona, anatumwa kupiga fotokopi na kununua maji, na mwishoni anaandika ripoti akiiga ya mwaka uliopita. Anapata alama zake. Baada ya mwezi mmoja hakuna anayekumbuka jina lake.

Hata hivyo, Bukavu na wilaya za jirani zina mahali pa staji ambapo miji mingi ya ukubwa huu haina. Wanafunzi wa udaktari wa UEA wana Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wale wa UCB wana Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo. Wa biolojia wana kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanza mwaka 1947 wakati wa ukoloni, na Hifadhi ya Kahuzi-Biega yenye sokwe wakubwa, iliyoingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980. Wa kilimo wana INERA huko Mulungu na kituo cha IITA huko Kalambo, katika wilaya ya Kabare, ambako vijana wenye diploma walifundishwa kulima, kusaga na kuuza mihogo, soya na mahindi kama biashara. Wa ualimu wana shule za mji mzima. Wa sheria wana korti na mawakili.

Tofauti kati ya staji inayofungua njia na ile inayopotea haiko sana katika jina la mahali. Iko katika mambo manne ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuyafanya bila pesa.

La kwanza ni kuomba mapema. Barua inayofika miezi mitatu kabla inapata nafasi. Ile inayofika wiki ya mwisho inapata kiti cha kona.

La pili ni kuomba kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Mwanafunzi wa hesabu za biashara anaweza kuomba apewe vitabu vya mwezi mmoja avipange upya. Wa kompyuta anaweza kuomba orodha ya vifaa vya ofisi aiweke katika mashine. Wa kilimo anaweza kufuatilia kipande kimoja cha shamba toka kupanda hadi kuvuna. Kazi ya namna hiyo ikiisha, inabaki pale ofisini, na jina la aliyeifanya linabaki nayo.

La tatu ni daftari la kila siku. Nimefanya nini leo, nani amenionyesha, nimekosea wapi. Daftari hilo ndilo linalojibu miaka miwili baadaye mwajiri anapouliza: umekwisha kufanya kazi gani? Asiye na daftari anajibu kwa jina la idara yake.

La nne ni kuaga vizuri. Kuomba barua inayoeleza kazi iliyofanyika, si ile inayosema tu kwamba fulani alikuwa hapa. Na kurudi kusalimia, hata mara moja kwa miezi mitatu. Katika mji huu, habari ya kazi mara nyingi hupita mdomoni kabla ya kubandikwa ukutani, na hupelekwa kwa mtu anayekumbukwa.

Masomo mengine, kazi nyingine

Historia ya redio mjini Bukavu inaonyesha kwamba kazi ya mtu haitoki kila mara ndani ya jina la diploma. Radio Maendeleo, redio ya jamii iliyoanzishwa mwaka 1993, ilikuwa shule kwa vijana wengi waliojifunza kushika maikro kwa kuishika. Chouchou Namegabe aliingia huko mwaka 1997 akiwa kijana. Alijifunza kazi akiifanya, akapeleka hewani sauti za wanawake wa vijijini waliofanyiwa ukatili wakati wa vita, na mwaka 2003 wanahabari wanawake wa Kivu Kusini wakaunda chama chao, AFEM, alichokiongoza.

Caddy Adzuba naye alisomea sheria katika UOB. Dunia ilimjua kama mwandishi wa habari wa Radio Okapi, na mwaka 2014 alipewa nchini Hispania Tuzo ya Prince of Asturias ya Maelewano. Sheria aliyoisoma haikupotea: ndiyo iliyompa maneno ya kutetea wanawake aliowahoji.

Wanafunzi wanaweza kutoa hapo somo la kawaida kabisa. Idara inampa mtu msingi. Ujuzi wa pili, unaopatikana pembeni mwa idara, ndio mara nyingi unaomtofautisha na wenzake mia mbili wenye karatasi moja. Anayesoma sosiolojia akijua kukusanya majibu kwa simu na kuyapanga katika jedwali la kompyuta, si sawa na anayejua sosiolojia tu. Muuguzi anayezungumza Kimashi na Kiswahili vizuri mbele ya mama aliyetoka Nindja ana chombo ambacho mgeni hana.

Lugha ni mfano mwingine. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, ambayo kazi zake nyingi zinafanyika kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Bukavu tayari ana Kiswahili, kinachofika hadi Mombasa na Zanzibar, na Kifaransa cha masomo. Saa moja ya Kiingereza kila siku kwa miaka mitatu si mzigo mkubwa, na inaweza kufanyika pamoja na wenzake wawili au watatu bila kulipa mwalimu.

Kila kazi na sheria zake

Jambo moja linalowaumiza vijana wengi ni kujua sheria za kazi yao wakiwa wamekwisha kumaliza. Kazi karibu zote zina ngazi baada ya diploma, na ngazi hizo zinachukua muda na pesa.

Anayesoma sheria ili awe wakili lazima ajue toka mwaka wa kwanza kwamba diploma haimpeleki moja kwa moja kortini. Baada yake kuna kiapo na staji ya miaka miwili chini ya wakili mwenye uzoefu, kabla ya kuandikwa katika orodha kubwa ya mawakili. Wakati wa staji hiyo wengi hawalipwi kitu cha kutosha kuishi. Mwanafunzi anayejua hilo mapema anaanza kuzoea ofisi ya wakili akiwa bado chuoni, na anaanza pia kuweka akiba kidogo kwa ajili ya miaka ile.

Daktari lazima aandikishwe katika Chama cha Madaktari kabla ya kutibu. Muuguzi anahesabiwa kwa ngazi: A2 kwa aliyesomea sekondari, A1 na A0 kwa waliopita masomo ya juu, na mshahara unafuata ngazi hiyo.

Mwalimu ana njia ngumu ya namna yake. Toka Septemba 2019, wakati serikali ilipotangaza elimu ya msingi ya bure, watoto walijaa madarasani na walimu wapya wakahitajika. Lakini kuingia darasani si kuingia katika orodha ya mishahara. Walimu wasio na namba ya malipo, wanaojulikana kama N.U., wanafundisha kwa miezi au miaka wakingoja serikali iwatambue. Kijana wa ISP anayejua hali hiyo hawezi kusema kwamba hakuambiwa. Anaweza kujitayarisha: kujenga jina kama mwalimu wa nyumbani, kujifunza somo la pili linalotafutwa na shule za binafsi, au kuwa na shughuli ndogo inayomlisha akingoja.

Biashara ndogo bila kupoteza masomo

Shughuli ndogo tayari ziko nyingi. Kuna wanaotengeneza simu, wanaoandika kazi za watu kwa kompyuta, wanaoshona, wanaooka mikate na mandazi, wanaochukua sambaza kwa wavuvi wa Ziwa Kivu na kuzipeleka kwa wateja wa mtaani kwao. Anayetaka ujuzi wa mikono wenye cheti anaweza kuuliza katika INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoundwa na serikali mwaka 1964 na iliyo na tawi Bukavu. Umeme, ufundi wa magari, useremala, ushonaji: hizi ni kazi ambazo mwenye lisansi ya uchumi anaweza kuziongeza juu ya masomo yake bila haya.

Sheria pia inamsaidia anayeanza chini. Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara. Ndani ya sheria hizo kuna nafasi ya mfanyabiashara mdogo anayejitangaza tu kwa maandishi, bila kupitia hatua zote za kampuni. Si wanafunzi wengi wanaojua kwamba nafasi hiyo ipo.

Hatari yake inajulikana. Pesa ya leo ina nguvu kuliko alama za mwezi wa saba. Kijana anaanza kwa kuuza jioni, kisha anakosa somo la asubuhi, kisha mtihani, na mwishowe anarudia mwaka. Mwaka mmoja wa kurudia unagharimu minervali, chumba na chakula cha miezi kumi, na faida ya sabuni haifiki hapo. Wanaofaulu mambo yote mawili mara nyingi wana kanuni rahisi: shughuli ina saa zake, wiki za mitihani inasimama, na pesa yake inaandikwa katika daftari tofauti na pesa ya nyumbani.

Wanaowinda wanaotafuta kazi

Mahali penye njaa ya kazi hapakosi wawindaji. Kwenye simu yanapita kila wiki matangazo ya kazi yenye nembo ya shirika kubwa, yakiomba dola tano au kumi za kufungua dosie. Alama ya uongo ni hiyo hiyo: mwajiri wa kweli haombi pesa kwa anayeomba kazi. Kabla ya kutuma chochote, ni vizuri kufika kwenye ofisi yenyewe au kuuliza mtu anayefanya kazi huko.

Kuna uwindaji mwingine unaosemwa kwa sauti ya chini. Wanafunzi wa Kongo wanauita kwa utani mchungu "alama zinazoambukizwa kwa ngono". Binti anaombwa mwili ili apate alama, au apate nafasi ya staji, au apewe barua ya mwisho. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia inahesabu usumbufu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai, iwe chuoni au ofisini. Binti aliyeombwa hivyo hana kosa. Kinachomsaidia ni kuweka ujumbe wote wa simu, kumwambia mtu mzima anayemwamini siku hiyo hiyo, kutokwenda peke yake anapoitwa nje ya saa za kazi, na kutafuta wanasheria wa mashirika ya wanawake, ambayo Bukavu haiyakosi. Wavulana nao wana sehemu yao: kutocheka na kutomwita mwenzao mwongo.

Mwaka kwa mwaka

Wanaofikiria jambo hili kwa utulivu wanaligawa katika miaka mitatu ya lisansi.

Mwaka wa kwanza ni wa kujua. Kuwauliza watu watatu wanaofanya kazi ile mtu anayoitaka: waliingiaje, siku yao inakuwaje, wanalipwa na nani, wangependa kuwa wamejifunza nini mapema. Mazungumzo matatu ya nusu saa yanaweza kumwokoa mtu kutoka katika idara asiyoipenda wakati bado kuna nafasi ya kubadili.

Mwaka wa pili ni wa kujaribu. Kuongeza ujuzi mmoja nje ya idara, na mmoja tu, mpaka uingie mkononi. Kufanya staji fupi wakati wa likizo, hata kama chuo hakijaiomba. Kujitolea mahali ambapo kazi inaonekana: redio ya jamii, maktaba, kituo cha afya, kikundi cha wakulima.

Mwaka wa tatu ni wa kukusanya. Kazi ya mwisho ya masomo inaweza kuchaguliwa juu ya tatizo la mahali halisi, kwa mfano namna ushirika mmoja wa Kabare unavyouza kahawa yake, ili ikiisha iwe na mtu wa kuisoma nje ya jumba la mtihani. Karatasi zinapangwa katika bahasha moja na nakala zake zinawekwa ndani ya simu, kwa sababu vita vimefundisha watu wa mji huu kwamba nyumba inaweza kuachwa kwa dakika tano. Wenye diploma waliokimbia bila karatasi zao wanajua bei ya kosa hilo.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalomhakikishia mtu kazi. Anayefanya yote vizuri anaweza bado kukaa mwaka mzima akitafuta, kwa sababu amani, mabenki na barabara haviko mikononi mwa mwanafunzi. Lakini kati ya vijana wawili wanaotoka siku moja na diploma moja, yule ambaye watu watano wamekwisha kumwona akifanya kazi ana mahali pa kuanzia kesho yake asubuhi. Mwenzake anaanza kwa kupiga fotokopi.

Saa kumi na moja jioni, wanafunzi wanateremka tena kutoka Karhale. Yule wa sabuni anapitia kwa wateja wake kabla giza halijaingia, kwa sababu siku hizi watu wanarudi nyumbani mapema. Yule wa simu ana mbili za kumaliza kabla umeme haujakatika. Kesho saa moja watapanda tena, daftari mkononi.